Sinia Lililopauka

Mama yangu haogopi mtu kuanguka. Anachoogopa ni mtu kutoka nje amepauka. Kambini Kigoma, nilikozaliwa, maji tulipanga foleni, unga tulipanga foleni, lakini kopo la mafuta ya mgando halikukosekana dirishani kwetu. Kila asubuhi ilikuwa ratiba ileile: unaoga, unasuguliwa kwa jiwe mpaka ngozi inalia, halafu unapakwa uso, viwiko, magoti na visigino. Ukijaribu kukwepa, unashikwa kidevu. Watoto wenzangu walinicheka kwamba nang'aa kama sufuria mpya, nami nilikuwa napigana nao, kwa sababu mimi hasira zangu ziko karibu tangu utotoni. Anayenijua atakwambia.

Naanza na mafuta kwa sababu bila mafuta habari ya mchezo wangu haielezeki.

Mchezo wenyewe uko hivi. Unakimbia umeinama, mkono mmoja umeshika kitu kama kitanda kifupi cha chuma, hakina breki wala usukani. Ukishakolea mbio unajitupa juu yake kwa tumbo, halafu mnashuka pamoja kwenye mfereji wa barafu, kichwa mbele, kidevu kinapita juu ya barafu kwa upana wa kidole. Kwenye kona unaelekeza kwa bega na goti. Kinachogusa barafu ni vyuma viwili tu, virefu na vyembamba. Dakika moja hivi na uko chini, unacheka au unalia. Jina lake kwa Kiingereza maana yake ni kiunzi cha mifupa. Nilipomweleza mama hivyo, aliniuliza kama michezo mingine yote ilikuwa imeisha.

Tulipohamishwa kambini tulifika Louisville, ng'ambo ya bahari, nina miaka kumi na minne. Mama alipata kazi kwenye ghala la vifurushi, mimi nikapelekwa shule. Asubuhi moja basi la shule liliniacha, nikapandwa na hasira, nikalikimbiza na begi mgongoni mpaka nikalikuta kwenye taa za pili. Dereva alinifungulia mlango mdomo wazi. Nyuma ya basi, kwenye gari lake, alikuwepo mwalimu wa michezo, na mchana huohuo nilikuwa nimeshavalishwa viatu vya misumari. Nikawa mkimbiaji wa mita mia, na hizo mita mia ndizo zilizonipeleka chuo kule Columbus.

Huko Columbus, mwaka 2014, liliwekwa tangazo mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi: wanatafutwa watu wenye mbio za kasi wajaribiwe mchezo wa barafu, hata kama hawajawahi kuukanyaga. Rafiki yangu tuliyekaa naye chumba kimoja alilisoma akaniangalia akasema, "Wewe? Thubutu!" Basi. Hakuhitaji kuongeza neno. Jumamosi nilikuwa wa kwanza uwanjani.

Tulikimbia, tukaruka, tukatupa tufe. Aliyekuwa anatupima ni mama mmoja mwenye mvi fupi na filimbi shingoni, aliyekuja kuwa mwalimu wangu. Mwishoni alimwuliza kila mtu swali moja: umewahi kuteleza juu ya kitu chochote, kichwa mbele? Wengine walisema hapana. Mimi nilicheka. Nyuma ya nyumba zetu kambini kulikuwa na mteremko wa udongo mwekundu, na mvua ikinyesha tulikuwa tunashuka juu ya nusu ya dumu la maji, tumbo chini, meno nje. Dumu lililokatwa lilikuwa la mama, zima, halina hata tundu. Nililipia kwa makalio yangu, lakini niliteleza wiki nzima kabla hajagundua. Nikamsimulia yote hayo. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akapigia mstari mara mbili.

Wakati huo mama alikuwa ameshahama Louisville. Alimfuata mdogo wake Buffalo, akapata nyumba ya juu North Buffalo na kazi ya kutunza wazee huko Kenmore, kazi anayoipenda kwa sababu wazee hawabishi wakipakwa mafuta. Nilipomaliza Columbus nami nikamfuata. Mfereji wa barafu uko milimani, jimbo hilohilo, ukitoka Buffalo alfajiri unafika mchana.

Nilifika na kile kitanda cha chuma nilichoazimwa na mwalimu, nikakilaza sebuleni. Mama alikizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Sinia gani hili?"

Tangu siku hiyo likawa sinia. Akanikalisha kitini, akakaa mbele yangu, magoti yakigusana, jinsi anavyokaa anapotaka usitoroke.

"Nakupa baridi moja," alisema. "Moja tu. Theluji ikiyeyuka hujachaguliwa na hao watu wako, unaingia chuo cha uuguzi pale Amherst, na sinia unalirudisha ulikolitoa. Sitaki kusikia tena."

"Nikichaguliwa?"

"Ukichaguliwa sina neno. Nitakuombea tu."

Tukapeana mikono. Mama akishakupa mkono hajirudi, na mimi najijua, nisingemrudia kuomba baridi ya pili. Nilikuwa naitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilikuwa na miezi mitano.

Kabla barafu haijawa tayari nilifanya mazoezi kwenye maegesho ya kanisa letu huko Kenmore, nasukuma sinia la magurudumu. Watu wakitoka ibadani walikuwa wanasimama kutazama. Jirani yetu wa chini, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, rafiki mkubwa wa mama, alitaka aelezwe kila kitu.

"Donc, kichwa iko mbele?"

"Ndiyo, mama."

"Na miguu iko nyuma?"

"Nyuma kabisa."

"Na frein, ile breki, iko wapi?"

"Hakuna."

Akafikiri. "Bon," akasema. "Tutaomba sana."

Mara ya kwanza niliposhuka kwenye barafu nilipiga ukuta kila kona, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka nikadhani kuna mtu ananirudishia ngumi. Nilifika chini mabega yamevimba. Mwalimu akaniuliza vipi, nami nikasema, nirudisheni juu. Kwa kweli nilikuwa natetemeka kwa furaha. Ni lile dumu, ni ule mteremko, nina miaka minane tena, ila sasa hakuna anayenisubiri chini na fimbo.

Mashindano ya kuchagua timu yalikuwa Januari, siku mbili. Wanawake tulikuwa wanane. Kila siku ina mbio zake, na inahesabiwa siku yako iliyo bora. Watatu wa kwanza wanaenda kushindana Ulaya, watano wanarudi kwao. Yaani mtu alikuwa na nafasi mbili, akiharibu moja ana nyingine ya kujikomboa.

Mama alisema lazima aje, kwa sababu mkataba ni wake na yeye ndiye atakayeufunga. Alikuja na jirani, wamefunga vitenge juu ya makoti, na chupa mbili za chai na ndoo ya maandazi ya kulisha kijiji. Tulipangishiwa kijumba karibu na mfereji. Jioni ile nilikaa chini na msasa, nikavisugua vile vyuma viwili, maana usiku wa kuamkia mbio kila mchezaji anasugua. Unaanza na msasa mkali, unamalizia na laini kama kitambaa, masaa mawili, matatu. Nilikuwa na muziki masikioni. Mama alikuwa kwenye kochi ananiangalia.

"Unavisugua hivyo mpaka vimepauka," alisema.

"Mm."

"Ukimaliza kusugua, si unapaka?"

"Mm," nikasema. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa napiga ngoma kwa kichwa. Hiyo *mm* bado inaniuma.

Asubuhi niliingia kuoga. Mama akachungulia ndani ya mfuko wa sinia akaona vyuma vikavu, vya kijivu. Akajua mtoto kapitiwa na usingizi, kasugua na hakupaka. Sasa wewe mweke mwanamke ambaye kwa miaka ishirini hajamruhusu mtu yeyote wa nyumba yake kwenda mbele za watu bila mafuta, mwache peke yake na vyuma vilivyopauka, siku ya watu wengi. Alitoa kopo kwenye mkoba. Akavipaka vizuri, pande zote, kwa kidole, akafunga zipu. Hakuniambia. Kupaka mtoto mafuta si jambo la kutangaza.

Juu kule kwenye chumba cha kuanzia, masinia yetu manane yaliwekwa kwenye rafu nje, vyuma juu, ili yapoe sawasawa na yakaguliwe. Watazamaji walikuwa nyuma ya kamba, hatua kama kumi. Mama na jirani walikuwa mbele kabisa, wananipungia kama niko kwenye meli. Mkaguzi alikuwa mzee mrefu mwenye kitambaa cheupe. Alikuwa anapima baridi ya vyuma, anapitisha kitambaa, anaafiki kwa kichwa, anasogea. Akafika kwangu. Kitambaa kikapita, kikakwama kidogo. Akakitazama, akakinusa.

Mimi nilikuwa nimeshaijua ile harufu kabla hajafika nayo puani. Harufu ya nyumbani kwetu, ya kwenda shule, ya Jumapili. Nikageuka haraka nione kama mama ameona. Alikuwa ameinama anammiminia jirani chai, kikombe kimejaa mpaka chai inamwagika kwenye glavu, na jirani anapiga kelele, "Mama, unamwaga! Unaniunguza!" Nikashukuru Mungu kwamba ana shughuli.

Sheria ni fupi: vyuma visipakwe kitu chochote, kwa sababu kitu chochote kinaweza kukuongezea kasi. Mzee aliniuliza nani amepaka. Mwalimu alikuwa pembeni, amefunga macho.

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

Ningemwambia nini? Nikamwambia nilikosea. Akavifuta vyuma vyote viwili, taratibu, kila upande, akasema kwa leo nimetoka, nirudi kesho na vyuma visafi.

Nafasi moja ilikuwa imeondoka hivyohivyo, sijakimbia hata hatua. Jamani, hasira! Nilishuka zile ngazi za mlima nikiwa nimeshapanga maneno yote. Nilikuwa nitamwambia mama kwamba hapa si kambini, kwamba mimi si mtoto wa miaka mitano, kwamba amenimaliza. Nilimpenda na nilitaka kumzika kwenye theluji hadi shingoni, vyote kwa wakati mmoja.

Nikawakuta chini, penye mstari wa kumalizia. Wameanza kumpigia vigelegele kila msichana anayeshuka, hawamjui, hawajali. Wazazi wa wasichana wengine walikuwa wameshika maandazi mkononi. Mama akaniona, akaniwekea mkono shavuni, mkono una baridi kali.

"Zamu yako lini?"

Maneno yote niliyoyapanga yakayeyuka. Nilimwangalia na kile kitenge chake na pua imekuwa nyekundu. Kama angejua, angebeba hilo jambo mpaka kaburini.

"Kesho, mama," nikasema. "Wengine wanakimbia leo, wengine kesho."

"Basi tutakula kwanza," akasema, akanipa andazi.

Usiku ule nilisugua upya. Nilipomaliza nikalifungia sinia ndani ya gari, funguo nikalala nazo. Mama hakuuliza kitu. Nilifikiri amechoka na baridi.

Asubuhi ya pili nilikuwa mlangoni nimeshavaa, aliponishika kidevu. Kile kidole gumba na kile cha shahada, nilivijua.

"Mama, nachelewa."

"Uso umepauka."

"Ninavaa helmeti! Hakuna anayeniona!"

"Mimi nakuona."

Akanipaka. Paji la uso, mashavu, pua, kidevu, nyuma ya masikio, akasugua kwa nguvu kama anataka nitoke chapa. Jirani alikuwa pembeni anasema amina. Sijapakwa hivyo tangu nilipokuwa darasa la tatu. Nikapanda mlimani nang'aa kama sufuria mpya, na mwalimu aliponiona akaficha mdomo kwa mkono.

Mkaguzi akapitisha kitambaa chake, mara mbili kwangu mimi. Kikatoka cheupe. Akanitazama uso, akatazama kitambaa, akaenda zake.

Kuna taa, kuna sauti, halafu unakimbia. Nilikimbia kama naliwahi lile basi la Louisville. Nikaruka juu ya sinia na ndani ya helmeti kukajaa ile harufu, nikajikuta nimetulia tuli. Kona ya kwanza bega, ya pili goti. Kona ndefu ya katikati, ile iliyokuwa inanitupa ukutani kila mara, ilinibana kichwa chini mpaka kidevu cha helmeti kikakwaruza barafu, nikasema moyoni, shuka tu, shuka, chini kuna mama. Nilivuka mstari sijui nimefanya nini. Tukarudishwa juu, nikashuka mara ya pili. Halafu nikasimama na mwalimu tukitazama ubao wa muda, majina yakipanda na kushuka. Wa kwanza alikuwa mbali. Wa pili alikuwa mbali kidogo. Mimi nilikuwa wa tatu, na aliyekuwa wa nne aliachwa kwa muda ambao usingeweza hata kufumba jicho.

Mama hajui kusoma ule ubao. Alitazama uso wangu tu, na kabla sijamfikia alikuwa ameshavua kitenge anakipepea, na jirani yuko chini kwenye theluji, amepiga magoti, analia kwa Kifaransa. Ule mkataba mama aliufunga palepale: alinipa mkono, akaninyang'anya, akanikumbatia.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda, na ndani ya ushuhuda yalikuwemo mafuta. "Mtoto alikuwa amesahau," aliwaambia watu, "mimi nikakumbuka." Kanisa zima likapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Niliteleza baridi tatu. Nimeshuka mifereji ya Ulaya ambayo siwezi hata kuyatamka majina yake, sikuwahi kuwa bingwa wa kitu chochote, na nilifurahi kila siku, isipokuwa zile nilizovunjika. Kabla ya kila mbio simu ilikuwa inalia.

"Umepaka?"

"Nimepaka, mama."

"Pande zote?"

"Pande zote."

Goti liliponikataa nikarudi Buffalo, na mwalimu akanipa lile sinia liwe langu kabisa. Nilikuwa nimeshajiandikisha uuguzi Amherst, kwa hiari yangu. Jumapili moja baada ya ibada nikapanda nalo ngazi, nikalilaza kwenye meza ya jikoni, vyuma juu. Nikachukua kopo dirishani, nikaliweka mkononi kwa mama.

"Paka," nikamwambia. "Paka unavyotaka. Sasa halikimbii tena."

Akafungua kopo. Nilikuwa nimechoka kusema nimepaka, kwa hiyo nikamwambia yote: kwamba mafuta yamekatazwa, kwamba zamu yangu ilikuwa siku ileile ya kwanza, nikatolewa, na sijawahi kupaka hata siku moja.

Mama alibaki kidole kiko ndani ya kopo.

"Kumbe mimi ndiye niliyekutoa."

"Ilikuwa siku moja tu, mama."

"Kumbe ndiyo maana yule mzee aliyafuta."

"Ulimwona?"

"Si nilikuwa pale kwenye kamba! Nilimwona anaanza kuyafuta, nikasema huyu ana roho mbaya, nikainamia chai ili usinione. Nilijua ukijua mafuta yamefutwa utakata tamaa." Alianza kupaka chuma cha kwanza, polepole, mpaka mwisho. "Ndiyo nikaona kesho yake nikupake usoni. Huko asingethubutu kupitisha kitambaa, mimi nimesimama pale."